Dada Niliyemficha Jina

Rugenge, Uvira, jioni

Sifa mwanangu,

Sikuulizi habari, maana nakusikia hapo nyuma ya pazia unafunga sakoshi ya nguo, unaifungua, unaifunga tena. Mimi niko huku jikoni, nimepindua ndoo ikawa meza. Ukitoka ukiniuliza naandika nini, nitakuambia namwandikia shangazi yako. Utajua ni uongo, nawe utanyamaza. Kunyamaza kwa hasira umekurithi kwangu, sina wa kumlaumu.

Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kutolala na miguu yenye maji, nimekwisha kuyasema mpaka umeziba masikio. Weye ni munganga sasa, umesomea dawa, ni mimi ninayepaswa kukuuliza weye. Sitayarudia. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uisome kabla akina mama hawajafika. Ni juu ya lile neno uliloniuliza Jumapili, na mimi sikulijibu.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba unapanda Rurambo, kule mlimani, kufanya kazi katika kituo cha afya, watu wakapiga makofi, na akina mama wa maombi wakasema watakuja nyumbani asubuhi ya safari kukuaga. Unajua desturi yetu mtoto akitoka. Mzazi ndiye anamwekea mkono kichwani na kumwombea, wengine wote kazi yao ni kusema Amina. Papa yako angekuwa hai, angefanya yeye, na kwa sauti ile yake jirani wa mtaa wa pili wangesikia. Sasa nimebaki mimi. Ukaniuliza njiani, bila kunitazama: "Mama, siku ya kwenda utaniombea, ao nitafute mutu?"

Ao nitafute mutu. Sifa, nilitembea kutoka pale mpaka mlangoni nikiangalia chini kama niliyepoteza ufunguo. Nawe ukaingia ukaanza kupanga nguo, na tangu Jumapili tunaongea juu ya sabuni na juu ya betri za tochi. Neno lako liliniuma, na sikukasirika. Mtoto anayeuliza hivyo amekaa nalo siku nyingi.

Najua unavyowaza. Mama wengine wakisimama kanisani wanaomba mpaka mabati yanalia, mama yako anakaa kama gunia la mkaa. Siku moja nilikusikia ukimwambia rafiki yako, "Mama wangu hajui kuomba." Ulikuwa bado na sare ya shule. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika ndagala, ukadhani sipo. Sikukukemea. Lakini ulikosea, mwanangu. Mimi nilijua kuomba. Nilijua sana, na watu walinijua kwa hilo, na ubaya wote uliingilia pale.

Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka kikundi chetu cha Jumatano. Tulikaa kwenye mikeka mchana, jua likiwa kali, na kabla ya kufunga macho kila mama alileta mada yake ya maombi, ile tunaita suje. Mmoja mume hana kazi, mmoja kiwanja kiko kwenye kesi, mmoja mtoto haongei. Unaweka suje yako katikati, wenzako wanaibeba. Ni desturi nzuri, siipigi vita. Miaka niliyokaa bila kupata mimba walinibeba mimi, na hapo nyuma ya pazia ndipo lilipo jibu la maombi yao, linakunja nguo.

Lakini kuna jambo hutokea kwenye mkeka ule na sijawahi kusikia mtu akilihubiri. Suje nzito humfanya aliyeileta naye awe mtu mzito. Wanakusogelea. Wanaitikia "mm" kwa koo. Ukidondosha chozi, wanadondosha na wao. Mimi nilipenda ile "mm" yao. Nikuambie wazi, niliipenda kuliko nyama.

Sasa nikuambie juu ya Vumilia. Unamkumbuka kwa sababu ya chumvi. Alikuwa rafiki yangu tangu usichana, tulichota maji pamoja, tuliolewa mwaka mmoja, na mtoto wake Kashindi alikutangulia kidogo tu kuzaliwa. Aliuza ndagala kule Kimanga, meza yake karibu na maji, na mume wake alikuwa mvuvi. Kila jioni alipita kwetu na kusimama mlangoni: "Mama Sifa, uko na chumvi?" Nawe ulikimbia na kijiko. Alikushika shavu, akaingia jikoni, akakaa kidogo, akaenda. Ulikuwa na akili za kusumbua tangu zamani. Uliniuliza, "Mama, muntu anauza samaki kila siku, namna gani kila siku hana chumvi?" Nikacheka, nikakuambia ukaoshe miguu.

Hakuwa na shida ya chumvi. Alikuwa na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI, na kopo yake ya vidonge ilikaa kwangu, chini ya unga wa muhogo, ndani ya ndoo, imefungwa katika mfuko. Kwake kulikuwa na mama mkwe na wifi, na nyumba ya vyumba viwili haiwezi kuficha kopo inayolia kila ukiitikisa. Mume wake naye alikuwa hajajua. "Nipe muda kidogo," Vumilia aliniambia, "nitamuambia mwenyewe, kwa kinywa changu." Basi kila jioni alimeza kidonge akiwa amesimama pale kwenye mbabula, mkaa ukiwaka, akapangusa mdomo, akachukua chumvi yake ya uongo, akaenda kupika. Alikuwa amenenepa. Alikuwa amerudia kucheka kwake kwa zamani, kucheka kwa kupiga mtu begani mpaka anaumia. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, Sifa. Weye unaelewa hilo kuliko mimi.

Ikafika Jumatano moja. Mama aliyenitangulia alileta suje ya mtoto wake aliyepotelea ng'ambo ya Burundi, na tulilia kweli. Kisha wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimekuja na goti langu linalouma. Goti, baada ya mtoto aliyepotea. Na nisijipake tope kupita kiasi, wiki ile Vumilia alikuwa na homa, na nilikuwa na hofu juu yake. Nilimpenda. Vyote viwili vilikuwa kinywani mwangu pamoja, upendo ule na ile tamaa yangu, na mpaka leo sijui ni kipi kilitangulia kutoka.

Nilisema: "Tuko na dada yetu mmoja, jina sitaji. Anauza karibu na maji. Amebeba ule ugonjwa mkubwa, na kwake habajui. Anameza dawa kwa kujificha. Tumubebe."

Jina sitaji. Nilijiona nina hekima kwa kusema hivyo. Wakasema "mm", wakasogea, tukaomba, na mimi niliomba vizuri kuliko siku zote. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi, nikatwanga majani ya sombe huku naimba. Wifi yake Vumilia alikuwa amekaa kwenye mkeka ule ule, ananyonyesha. Wanawake wauzao karibu na maji ni wengi, lakini anayepita kila jioni kuomba chumvi kwa Mama Sifa alikuwa mmoja. Mtaa mzima ulimjua kwa hilo, wengine walimtania. Mimi niliyejua yote nilisahau jambo ambalo watoto wote wa Rugenge walilijua.

Haikufika wiki, matela yake ya kulalia ilikuwa imetupwa nje. Hakupigwa, siwezi kuongeza chumvi katika hili. Wanasema mume alilia. Lakini mama yake alisema, na mama akisema katika nyumba ile mambo yamekwisha. Kashindi alisimama uani ameshika sufuria ya mama yake kwa mikono miwili. Nilimwona nikiwa kwenye kona, sikusogea.

Na kule Kimanga hawakumtukana. Nilitamani wangemtukana. Walimsalimu kwa upole, "Tunakuombea, mama," kisha wakanunua ndagala kwenye meza ya pili. Samaki wake walikaa mpaka wakaanza kunuka. Akawa anarudi nao, kesho anakuja na wengine, wanakaa tena. "Tunakuombea, mama." Neno lile siwezi kulisikia hadi leo bila kutafuta njia ya kutokea, hata likisemwa na mtu mwema kwa nia njema.

Alikuja kwangu mchana mmoja. Hakuita mlangoni. Alisimama uani na Kashindi pembeni yake, kikwembe kiunoni kimefungwa kwa safari, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Siku ile, ulikuwa unaambia Mungu, ao ulikuwa unaambia batu?"

Nilianza kusema, "Vumilia, minye sikutaja jina." Akangoja nimalize. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei na kuikataa, akamshika mtoto mkono, wakashuka ziwani. Walipanda mtumbwi kwenda kwa kaka yake, kusini, kijiji cha ufukweni. Kopo ilikuwa ndani ya unga, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama. Yeye hakuiuliza, mimi sikuitoa. Sote wawili tulijua iko pale.

Hapa nisikilize vizuri, Sifa, maana kosa lile la kwanza kila mhubiri anaweza kulikemea. La pili ndilo linaninyima usingizi.

Nilisema nitampelekea dawa Jumamosi. Jumamosi ikaja, nikaona aibu. Nitafika niseme nini? Nikasema huko nako kuna kituo cha afya, watampa nyingine. Weye unajua inavyokuwa: aende na karatasi, asimame kwenye mstari, mlinzi amwulize anatafuta nini, na nyuma yake wamesimama majirani wa kaka yake. Mtu aliyekwisha kuchomwa hivyo, unafikiri atasimama? Nilijua kwamba hatasimama. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba sasa nitakuwa mwenye hekima, nitafunga kinywa, sitajihusisha tena na mambo ya watu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee wamesema, nami nikajirudia methali ile kila siku. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kujikwaa akiwa ameketi. Unga uliisha, nikanunua mwingine, nikaitoa kopo, nikaifuta, nikairudisha chini ya unga mpya. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mikono yangu iliishika dawa ya Vumilia na miguu yangu haikwenda.

Mvua zilizofuata, habari ikaja.

Nilikwenda kumzika. Miguu ilipata njia siku ile, ona. Kaka yake hakujua lolote juu yangu. Alisimama mbele ya kaburi akasema, "Huyu mama ametoka Uvira, ni rafiki ya marehemu tangu utoto, na tunasikia ni mwenye maombi. Atuombee." Watu wakainamisha vichwa. Kashindi alikuwa mbele kabisa, amenyolewa, ananitazama. Nikafungua kinywa, na badala ya maneno yangu nikasikia yake: ulikuwa unaambia Mungu, ao ulikuwa unaambia batu. Nikafunga kinywa. Nikafungua tena. Hakuna kilichotoka. Mzee mmoja alianzisha wimbo ili kunisitiri, na watu wakasema, pole, amezidiwa na uchungu. Tangu siku ile sijaomba mahali ambapo masikio ya mtu yanaweza kunisikia. Ndiyo sababu mama yako anakaa kama gunia.

Na Vumilia bado anakuja. Usiende kumwambia mchungaji, wataniletea mafuta na kunizunguka usiku kucha. Si mzuka, si pepo. Ni saa ile tu ya jioni, umeme haujarudi, moshi wa mbabula za majirani umeinama chini, na mimi nikiwa peke yangu nasikia pale mlangoni, "Mama Sifa, uko na chumvi?" Sauti yake kamili, hata kile kikohozi kidogo cha mbele. Mara nyingine najikuta nimejibu, "Iko." Siku moja ulinikuta, ukauliza naongea na nani, nikakuambia na mbuzi. Hatukuwa na mbuzi. Simwogopi. Ninachoogopa ni kwamba siku moja nitazoea, nitaendelea kukoroga bugali bila hata kugeuka.

Basi nilikaa kimya miaka hii yote nikifikiri kimya changu ni toba. Tena watu walinisifu. Mama Sifa hana maneno mengi, Mama Sifa ana hekima. Lakini nani alilipa? Ulipoanguka mtihani wa serikali mara ya kwanza, ulikuja ukakaa hapa hapa jikoni, ukaegemea bega langu. Ulitaka neno. Nilikuwa nalo, lilikuwa limefika hapa kooni, nikakupa sahani ya maharagwe. Papa yako alipokufa, mlilia weye na wadogo zako usiku kucha, na mimi niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliogopa kinywa changu hata kwa watoto niliowazaa. Hekima haikuwemo. Ilikuwa hofu iliyovaa nguo za Jumapili, na weye ndiye uliyelelewa nayo. Nisamehe kwa hilo, mwanangu. Lile la Vumilia si lako kulisamehe, lakini hili ni lako.

Sasa unapanda mlimani, na watu watakuambia mambo. Munganga husikia yale ambayo hata padri hayasikii. Mwanamke atakuja kwako na shida ya mguu, na mguu wake hauna kitu. Huko juu kuna watu wa ng'ombe na watu wa mashamba, nao wamechinjana kwa maneno kabla ya kuchinjana kwa mapanga, na kila upande utakutafuta kwa maziwa na kwa mahindi ili uwaambie ya upande wa pili. Atakuja mwenye bunduki akuulize ni nani ulimfunga kidonda jana. Huyo utamtambua, nawe una kichwa kigumu, sina wasiwasi sana. Ninayemwogopa mimi ni yule atakayekuja na Biblia kwapani, mwema, mwenye machozi, akisema, "Dada, tuambie tu kidogo, ili tumuombee." Ninamwogopa kwa sababu nilikuwa yeye.

Sina fundisho kubwa. Kanisani wanasema anayepungukiwa hekima amwombe Mungu, na Mungu humpa bila kumkaripia. Nimeomba, kimoyomoyo, miaka. Nilichopewa ni kidogo, naona hata haya kukuandikia. Ni kumleta mwenye neno akae pale. Kabla hujasema neno la mtu, mweke kwenye mkeka mbele yako, na macho yake, na kikwembe chake, uone kama bado unaweza kulisema. Kama Vumilia angekuwa amekaa kati yetu Jumatano ile, ningeomba juu ya goti langu, na Mungu angekuwa amepata sala ya kweli. Ukiona huwezi kulisema mbele yake, basi mwambie Mungu peke yake, hata chooni, yeye hahitaji uitikiwe "mm". Kisha simama, uende. Mimi nilikosa pale. Ukinyamaza kwa kinywa, usinyamaze kwa miguu. Peleka dawa.

Sasa utaniuliza, maana nakujua: na barua hii je, Mama, si umemtangaza tena? Nimekaa na swali hilo tangu Jumapili usiku. Jumatatu ukaja ukaniambia umepatana na motari wa kukupeleka kwa pikipiki mpaka chini ya mlima, na kwamba ni Kashindi wa Vumilia, kwa sababu anaijua barabara na haendeshi kama kichaa. Niliangusha chekecheo, unga ukamwagika. Ulidhani nimeshtushwa na bei.

Kashindi alirudi huku mtu mzima, tunasalimiana njiani, basi. Sikuwahi kusimama naye. Leo mchana, ulipokuwa kwa fundi, nilikwenda Kimanga. Nilimkuta ufukweni anaosha moto yake, ile pikipiki. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla sijapoteza nguvu: "Kashindi, nataka kumuambia Sifa juu ya mama yako. Ya dawa, na ya kinywa changu. Neno ni lako, si langu. Ukikataa, sitasema."

Aliendelea kupangusa gurudumu. Kisha akasema, "Mama Sifa, minye najua tangu zamani. Mama aliniambia tukiwa mu mutumbwi."

"Alisema nini?"

"Alisema nisikuchukie. Ila nisikuambie siri."

Nilikaa juu ya jiwe. Hakutabasamu, wala hakukasirika. Alikuwa ananiambia tu kilichosemwa. Ana macho yake, Sifa, utayaona kesho ukimtazama vizuri.

"Umuambie Sifa," akasema. "Ni munganga, itamusaidia. Ila mama wangu usimuombee tena mbele ya batu. Hata kesho."

Nikamwambia sitamwombea. Nikamwambia pia kwamba kesho sijui kama nitaweza kuomba hata kidogo, maana tangu siku ya kaburi sauti haitoki. Hapo aliacha kitambaa, akanigeukia.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Nilifikiri ulikuwa unakataa. Nilifikiri mama wangu alikuwa mubaya sana, hata Mama Sifa wa maombi amekataa kumuombea."

Miaka yote hii, Sifa. Mtoto yule alitembea na neno hilo, na mimi nyumbani najisifu kwamba kimya changu hakimdhuru mtu. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hapana. Nilikuwa nakataliwa mimi." Akanipa maji katika kopo yake ya kuoshea, nikanywa hivyo hivyo.

Alimwaga ndoo, akapanga vitu vyake, akavaa kofia. Nilidhani amemaliza na mimi. Akawasha moto, akakaa juu yake bila kuondoka, anaangalia mbele, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza juu ya matope tu: "Barabara ni mbaya, Mama Sifa. Kuko barieri za kusimamisha batu, na juu kule kunanyesha. Kesho ukimuombea Sifa, tutakuwa babili kwa ile moto, minye na yeye."

Basi nimekujibu, ingawa nimechelewa. Usitafute mtu. Sauti yangu itakuwa ndogo, imekaa ndani muda mrefu, na huenda akina mama wa nyuma wasisikie kitu cha kusemea Amina. Umwambie Kashindi azime moto, avue kofia, asogee karibu na weye. Niko na mikono miwili.

Mama yako